Harufu ya Petroli Njiani Ushirombo

Ukitoka Kahama kuelekea magharibi, barabara ya lami inakupitisha Masumbwe na kukufikisha Ushirombo kwa muda usiozidi saa mbili, kama gari ni zima. Ni barabara ya malori. Magari ya mizigo na ya mafuta yaendayo Rwanda na Burundi hupita hapa usiku na mchana, na ukikaa kando ya njia pale mjini utachoka kuyahesabu. Huku na huku ni mashamba ya mahindi, karanga, pamba na tumbaku, na upande wa kusini uko msitu wa Kigosi ambako watu hutundika mizinga. Asali yake ni nyeusi na nzito, nasi hatujapata kurudi kutoka huko bila dumu moja. Wenyeji wa asili ni Wasumbwa, lakini Wasukuma wamehamia kwa wingi pamoja na ng'ombe wao, hivyo asubuhi sokoni utaamkiwa "Mwangaluka" kabla hujasikia "Habari za asubuhi".

Wengi wetu tuliosoma zamani tulifundishwa kwamba Ushirombo iko Shinyanga. Ilikuwa hivyo hadi mwaka 2012, Mkoa wa Geita ulipoanzishwa na Wilaya ya Bukombe, ambayo makao yake makuu ni Ushirombo, ikawekwa humo. Jina lenyewe ni la siku nyingi katika habari za kanisa, kwa kuwa Mapadre Weupe walifungua misheni yao hapa mwaka 1891. Siku hizi, hata hivyo, ukimwambia mtu unakwenda Ushirombo, atakuuliza kwanza habari za dhahabu. Migodi mikubwa iko mbali kidogo, ule wa Geita uliofunguliwa mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu uliofuata mwaka 2001. Lakini wachimbaji wadogo wametapakaa nchi nzima hii, na kila penye maduara yao pana karasha za kusagia mawe na pampu za kuvutia maji, na mashine nyingi za aina hiyo hunywa petroli au dizeli. Tafadhali, mama msomaji, kumbuka jambo hilo la pampu, maana tutalirudia.

Tulialikwa huko mwezi wa Julai na akina mama wa usharika mmoja, tuwasaidie kliniki ya watoto katika kijiji kilicho mbali na lami. Tulikuwa watano: wauguzi wawili, akina mama wawili wa kupima uzito na kuandika kadi, na dereva wetu, baba wa makamo aliyeendesha malori miaka mingi. Gari letu huwashangaza watu. Ni Hiace ya zamani ya petroli ambayo familia moja ya wageni waliigeuza nyumba wakazunguka nayo Afrika Mashariki. Ina vitanda viwili vinavyokunjwa, kabati la vyombo, beseni la kuoshea, na jiko la gesi lenye mafiga mawili. Walipoondoka waliwauzia akina mama wetu kwa bei ya kirafiki. Vitanda vimekuwa mahali pa kupimia wajawazito, kabati limekuwa la dawa, na jiko huchemsha chai tukilala njiani. Watoto vijijini huita "nyumba yenye magurudumu".

Baada ya Masumbwe tulianza kusikia harufu ya petroli. Mwanzoni ilikuja na kupotea, tukadhani ni ya lori lililotutangulia. Tulipokaribia Ushirombo ikawa nzito, hata mmoja wetu akaumwa kichwa. Katika Hiace za aina hii injini iko chini ya viti vya mbele, yaani abiria wa mbele amekalia injini, na kilichomtenga nayo ni kiti na bati. Dereva akasema magari ya zamani yote hunukia, na kwamba yeye amesafiri na harufu kama hiyo hadi Kigali na kurudi. Tulimheshimu, maana ni mtu mzima na anaijua kazi yake. Lakini tulimwambia kwa upole, "Baba, humu ndani tuna mtungi wa gesi, na mchana tutapakia watoto wa watu. Tusimame kwanza." Hakukasirika. Alisimama.

Tunalieleza hili kwa sababu tunajua jinsi wanawake wengi tunavyosafiri. Tunapanda gari, tunasikia harufu, tunafunika pua ya mtoto kwa kitenge na kunyamaza, tukifikiri mambo ya gari ni ya wanaume. Petroli haimsubiri mwenye utaalamu. Hutoa mvuke wakati wote, hata penye baridi kali, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hushuka na kutambaa chini mpaka ukutane na cheche au kaa la moto. Hapo moto hurudi kwa njia ileile mpaka kwenye chanzo. Dizeli na mafuta ya taa huhitaji joto zaidi ndipo mvuke wake uwake, ingawa nayo si ya kuchezea. Ukiisikia harufu ya petroli ndani ya gari, mweleze dereva mara moja, gari lisimame, injini izimwe na watu wote washuke. Anayechungulia asitumie kiberiti, kibatari wala mshumaa. Tochi inatosha.

Tulisimama upande wa Katente, chini ya mwembe ambapo fundi mmoja mzee ana benchi lake. Kwa miaka mingi kazi yake kubwa imekuwa kutengeneza pampu za wachimbaji, na magari huyapokea yakija. Alituamkia, akanusa mara moja tu, akauliza, "Akina mama, humo ndani mna nini kinachowaka?" Tukamwonyesha mtungi. Akautoa mwenyewe baada ya kuhakikisha umefungwa, akaupeleka kivulini mbali. Hatua kumi hivi kutoka hapo alikuwepo mama aliyekuwa akichoma mahindi. Fundi alimwita, "Mayu, tusogezee hilo jiko ng'ambo ya barabara, nitakuja kukubebea." Yule mama hakubisha wala hakuuliza kwa nini, alinyanyua jiko na kijana akambebea gunia la mkaa. Tulielewa kwamba katika mji huu watu wameshaona petroli inaweza nini.

Ilikuwa yapata saa tatu na nusu. Chanjo tulipaswa kuzichukua hapohapo Ushirombo, nasi tuliomba zibaki kwenye friji hadi gari litengemae, kwa kuwa chanjo hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na barafu ya kasha haina subira. Wasiwasi wetu ulikuwa juu ya akina mama wa kijijini. Walikuwa wameambiwa saa nne, na wengine wangetembea tangu alfajiri na mtoto mgongoni.

Fundi aliiacha injini ipoe. Alifungua waya wa betri upande wa hasi, akaweka ndoo ya mchanga mkavu karibu, kisha akainua kiti. Tulikaa kwa umbali wa kufaa, lakini tulitaka kuona, naye alifurahi kueleza. Katika gari la kabureta kama letu, mafuta hutoka kwenye tangi kwa bomba la chuma lililopita chini ya gari. Yakifika mbele huingia kwenye mpira mfupi, kisha filta, kisha pampu, kisha mpira mwingine hadi kwenye kabureta. Kila mahali chuma kinapokutana na mpira pana klipu ya kukaza. Bomba la chuma huishi miaka mingi, lakini mpira hukauka kwa joto, na mwanzo wa kupasuka ni pale kwenye ncha, chini ya klipu, mahali ambapo jicho halioni.

Letu ndivyo lilivyokuwa. Mpira kati ya bomba na filta ulikuwa umepasuka nyufa ndogondogo, na mahali pa klipu palikuwa na waya uliosokotwa kwa koleo. Kazi hiyo ilifanyika kwenye gereji moja tulikopeleka gari mwaka uliotangulia, tukaambiwa kila kitu ni kipya. Fundi aliutazama ule waya akatikisa kichwa. "Waya," alisema, "hukaza huku na huku, penginepo huacha wazi. Halafu kidogo kidogo unakata mpira kama uzi unavyokata mche wa sabuni." Injini ikizimwa hakuna kinachoonekana. Ikiwaka, tone moja moja hudondoka juu ya chuma cha moto chini ya kiti cha abiria.

Tulipotaja sabuni alicheka, maana dereva alikuwa ameshatoa kipande mfukoni. Wengi mmeona mafundi wakiziba tangi linalovuja kwa sabuni ya mche. Inasaidia kweli, kwa kuwa petroli haiyeyushi sabuni, na tundu la tangi halina msukumo mkubwa. Unaweza kufika nayo gereji. Lakini kwenye kiungo chenye msukumo wa pampu na mtikisiko wa injini, sabuni hutoka. Vipande vya mpira wa tyubu pia havifai, kwani hufura na kulainika vikilowa petroli. Dereva alitafuta tena katika sanduku lake, akatoa mpira mweupe wa kupitishia maji. Fundi aliukataa katakata. Alituonyesha kipande cha mpira kama huo alichokitoa kwenye pampu ya mchimbaji mmoja: kilikuwa cha njano, kigumu, na kilikatika mkononi kama ganda la muwa mkavu. "Huu ni wa maji," alisema. "Petroli inataka mpira wake."

Basi kijana alitumwa kwa bodaboda kwenye duka la vipuri. Alirudi na mpira mweusi wenye nyuzi ndani, ulioandikwa ubavuni kuwa ni wa mafuta, pamoja na klipu nne za kukaza kwa bisibisi na filta mpya. Vyote vilitugharimu kama elfu ishirini na tano, bila ufundi. Tuliona ni ghali mpaka tulipokumbuka ya kwamba nguo zetu tulizovaa siku ile ziligharimu zaidi. Fundi alitutahadharisha jambo moja zaidi ambalo yafaa walio na magari ya karibuni walijue: magari yasiyo na kabureta, yale ya sindano za kupulizia mafuta, yana msukumo mkubwa mara nyingi kuliko letu, na mpira unaotosha kwetu unaweza kupasuka kwao. Wakinunua, waseme gari ni la aina gani.

Kabla ya kufungua kiungo aliweka beseni chini, na mafuta yalipoanza kutoka akaziba ncha ya bomba kwa boliti. Dereva alijitolea kuyavuta kwa mdomo ili bomba liwe tupu. Hapo ilikuwa zamu yetu sisi wauguzi kukataa, na tulikataa kwa sauti. Mafundi wengi na makondakta huvuta petroli kwa mdomo kwa mpira, wakatema, wakasukutua na maji wakaendelea. Hatari yenyewe haiko tumboni. Petroli ni nyepesi mno, na ikikupalia hata kwa kiasi kidogo huteremka mapafuni na kuyaunguza. Mtu huanza kukohoa, kupumua kwa shida, kisha homa. Tumeuguza watu wa namna hiyo, na wawili kati yao walikuwa vijana wenye afya njema asubuhi ya siku ileile.

Fundi aliisugua ncha ya bomba kwa msasa mpaka kutu ikatoka, akaifuta. Bomba lina kinundu karibu na ncha. Mpira lazima ukipite, ndipo klipu ikazwe nyuma ya kinundu hicho, usichomoke. Aliukata mpira urefu wa kutosha, usivutike wala usijikunje, na aliupitisha mbali na bomba la moshi. Alibadilisha pia ule wa upande wa pili, maana, alisema, walizaliwa siku moja. Kisha akarudisha waya wa betri, akaweka karatasi ngumu kavu chini, akawasha injini na kuiacha dakika kumi. Akatuomba kitambaa cheupe. Tulimpa shashi ya kufungia vidonda. Akaizungusha kwenye kila kiungo na kuikunjua mbele yetu, jinsi sisi tunavyokagua bandeji. Ilikuwa kavu.

Tulipokuwa tukingoja bodaboda, mama wa mahindi na wenzake walikuja kukaa nasi. Walizungumza habari za Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka Msamvu na watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka ukaua zaidi ya watu 100. Mmoja alisema malori kama yale hupita mlangoni kwake kila saa, na amewaambia wanawe kwamba lori likianguka wakimbie upande mwingine, hata kama jirani anarudi na ndoo imejaa. Lakini waliposema habari za nyumbani kwao tulishtuka zaidi. Petroli ya pampu na ya pikipiki huuzwa kwa chupa zile za maji ya kunywa. Baba anarudi nayo, anaiweka uvunguni au nyuma ya mlango ili isiibwe. Chumba ni kimoja, jiko la mkaa huingizwa ndani jioni, na watoto wana kiu.

Tuliondoka Ushirombo saa sita na nusu, chanjo tukiwa tumezipakia. Njia ya kijijini ilikuwa vumbi jekundu tupu, na tulifungua madirisha kwa hofu ya harufu kuliko joto. Hapakuwa na harufu. Baadhi ya akina mama walikuwa wamekwisha kwenda, lakini wengi walikuwa bado wamekaa chini ya mti, wakitafuna michembe na kunyonyesha. Tulichanja na kupima mpaka jua likainama.

Karibu na mwisho alikuja mama kijana na mtoto wa mwaka mmoja na nusu, aliyekuja kwa chanjo yake ya pili ya surua na rubela. Mtoto alikuwa akipumua haraka, pua zinacheza, mbavu zinaingia ndani. Tuliuliza tangu lini. Tangu jana asubuhi, alipokuta chupa ya baba yake ya petroli akainywa kidogo na kupaliwa. Bibi alimpa maziwa ili aitapike sumu, naye alitapika mara mbili. Bibi yule alifanya alichofundishwa, kama mabibi zetu walivyofundishwa, na hatukumlaumu. Lakini, mama, hili tunaomba ulikate ulibandike ukutani: mtoto aliyekunywa petroli au mafuta ya taa asitapishwe. Asipewe maziwa, wala mafuta ya kula, wala maji ya chumvi. Kila anapotapika, yale mafuta hupata nafasi ya pili ya kuingia mapafuni. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni mbali na moto, mkalishe wima, umpeleke hospitali mara hiyohiyo pamoja na chupa aliyonywea. Umpeleke hata kama anacheka. Kikohozi na kupumua kwa shida huweza kuja baada ya saa kadhaa.

Tulikunja kitanda kimoja, tukamkalisha mama huyo mbele penye hewa, mtoto akiwa wima kifuani pake, juu ya kiti kilekile ambacho chini yake mafuta yalikuwa yakidondoka asubuhi. Dereva hakusema neno lolote njia nzima, ila aliendesha kwa uangalifu ambao hatujauona kwake kabla. Tulifika hospitali ya wilaya giza likiingia, mtoto akapokelewa na kuwekewa hewa ya oksijeni. Alilazwa siku sita. Mama yake alitutumia salamu kwa akina mama wa usharika kwamba wametoka, na kwamba chupa za petroli sasa ziko nje, kwenye kibanda chenye kufuli, ndani ya dumu jekundu. Baba yake alilinunua mwenyewe.

Usiku ule hatukuwasha jiko la gari. Tulikula wali na maharage kwa wenyeji wetu. Asubuhi tulipita tena Katente kumlipa fundi salio lake, naye hakupokea fedha kabla ya kuinua kiti. Alipitisha kidole kwenye kiungo, akakinusa, akatuambia tukifika Kahama tukaze klipu robo mzunguko, kwa kuwa mpira mpya hulegea kidogo ukishapata moto.